Kuhesabu kuzidisha siyo kusanifu chipu, jamani!

Nilisema sitaandika kitu mpaka UE ziishe, lakini yaliyotokea Alhamisi kwenye presentesheni za mwaka wa nne yamenikaa kooni, na nisipoyatema hapa nitayatema kwenye karatasi ya mtihani, halafu nile sup bure.

Iko hivi. Roommate wangu (jina silitaji, wanaotufahamu wanamfahamu) kaunda FFT ya pointi 64 ndani ya FPGA. Kaunda mwenyewe, Verilog mstari kwa mstari, miezi mitano. Mnaolala hall yetu mnamjua, ndiye aliyekuwa anapiga msuli kimbwetani hadi mbu wakamzoea. Akapresenti, akaonyesha mawimbi yake, inafanya kazi. Mzee mmoja wa kwenye paneli akamuuliza: "Kijana, umepunguza kuzidisha mara ngapi?" Jamaa akajibu kwa heshima zote: "Sijapunguza hata mara moja, mzee. Ni 192 zilezile." Ukumbi mzima kicheko. Likafuata la pili: "Sasa hii si ipo tayari kwenye programu? Kwa nini uunde gurudumu upya?" Kwishnei. Alama alizopewa ni za kumsindikiza mtu mlangoni.

Kundi lililofuata waliburuta kiboksi cha FFT kutoka kwenye programu, wakabofya endelea, endelea, maliza. Makofi.

Sasa leo naomba nibishe. Nabisha kwa hoja na namba, na mwenye namba nyingine aje nazo.

TATIZO LIKO WAPI

Tulio EE na Telecom tunalijua swali lile la miaka yote. "Linganisha idadi ya kuzidisha kati ya DFT ya kawaida na FFT kwa N = 1024." Desa lake linarithiwa toka kwa kaka zetu. Njia ya moja kwa moja ni N mara N, yaani 1,048,576. FFT ya radiksi-2 ni nusu ya N mara log ya N kwa kizio cha 2, yaani 512 mara 10, jibu 5,120. Unapigia mstari, unachukua alama zako, unaenda kula chipsi.

Sikatai, hesabu ni sahihi. Na ina heshima yake. Cooley na Tukey walipochapisha ile makala yao mwaka 1965, kuzidisha ndani ya kompyuta ulikuwa mzigo mzito kweli, na waliokuwa na shida walikuwa na shida ya kweli: miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo alikuwemo Richard Garwin, aliyetaka njia ya kuchambua mitetemo ya ardhi ili Wasovieti wakilipua bomu la nyuklia chini kwa chini ijulikane. Na hata wao hawakuwa wa kwanza, maana Gauss alishaiona njia hiyo mnamo 1805 akihesabu mizunguko ya vijisayari, ikachapishwa baada ya kifo chake. Kwa hiyo kuhesabu kuzidisha kulikuwa kipimo kizuri kwa mashine za wakati ule.

Ubishi wangu ni mmoja tu: 5,120 ni mwanzo wa swali, siyo jibu. Chipu haikuulizi utazidisha mara ngapi peke yake. Inakuuliza data inakaa wapi, inasafiri mara ngapi, na ina biti ngapi. Mtu asiyeweza kujibu hayo matatu hajasanifu kitu, kahesabu tu.

ALICHOKIFANYA ROOMMATE

Chukueni hiyo hiyo FFT ya 64. Hakuichagua kwa bahati nasibu. Wi-Fi ya kiwango cha 802.11a cha mwaka 1999 inatumia FFT ya pointi 64, na alama moja ya mawimbi inachukua mikrosekunde 4, ukijumlisha na kile kipande cha kinga cha 0.8. Yaani kila mikrosekunde 4 FFT nyingine inakugongea mlango. Ukichelewa, hamna cha samahani mwalimu, data imepotea.

Kipepeo (ile saketi ndogo ya FFT inayochukua namba mbili, inazungusha moja, inajumlisha na kutoa, inarudisha mbili) kinahitajika mara 192 kwa pointi 64: 32 kwa kila hatua, hatua 6. Jamaa ana kipepeo kimoja, na saa yake inapiga mara milioni 60 kwa sekunde. Mikrosekunde 4 ni mapigo 240. Kwa hesabu ya mtihani amefaulu: 192 ni ndogo kuliko 240, tena kabakiwa na 48 za mfukoni.

Thubutu! Toleo lake la kwanza lilitumia mapigo 384, na ushee. Mikrosekunde 6.4. Alilala bila kula siku ile, namkumbuka.

Kwa nini? Kipepeo kimoja kinasoma namba mbili na kuandika namba mbili. Hizo ni safari nne za kwenda kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ya kawaida ya ndani ya FPGA ina milango miwili, yaani safari mbili kwa pigo. Safari nne kwa milango miwili ni mapigo mawili. Kwa hiyo kizidishi chako ulichokinunua kwa damu kinafanya kazi pigo moja, linalofuata kinakodoa macho kikisubiri data. Ni kama mama ntilie mwenye majiko sita na ndoo moja ya maji: ongeza majiko uwezavyo, foleni iko bombani.

Dawa aliyoipata ni tamu hadi inauma. Igawe kumbukumbu vipande viwili, A na B, kila kimoja kisome mara moja na kuandika mara moja kwa pigo. Lakini namba mbili za kipepeo zisikae kipande kimoja, vinginevyo tumerudi palepale. Utazigawaje, na kila hatua ya FFT inaoanisha namba kwa umbali tofauti? Angalia anwani kwa mfumo wa 0 na 1. Kwenye radiksi-2, anwani mbili za kipepeo kimoja zinatofautiana biti MOJA tu, hatua yoyote ile. Basi hesabu moja zilizomo kwenye anwani: zikiwa shufwa weka A, zikiwa witiri weka B. Anwani 5 ni 000101, ina moja mbili, inaenda A. Mwenzake wa hatua fulani ni 1, yaani 000001, ina moja moja, inaenda B. Ukibadilisha biti moja lazima shufwa igeuke witiri. HAWAGONGANI KAMWE. Gharama yake ni vijigeti vichache vya XOR. Njia hii siyo mpya, Danny Cohen aliieleza mwaka 1976 kwenye makala kuhusu kurahisisha udhibiti wa saketi za FFT. Kipo hapo cha kuchekwa?

Akaongeza jozi nyingine ya kumbukumbu ili sampuli mpya ziingie huku za zamani zinachakatwa. Kutoka mapigo 384 mpaka 192 na kidogo cha kupashia moto. Muda umekatika nusu, na kuzidisha ni 192 zilezile! Kwa hiyo swali "umepunguza kuzidisha mara ngapi" lilipima kitu ambacho hakikuwa ugonjwa. Ni sawa na kumuuliza fundi aliyeziba pancha amepunguza matairi mangapi.

UMEME NAO

Mnaosema "aah, hayo ni ya muda tu", twendeni kwenye umeme. Mwaka 2014 Profesa Mark Horowitz wa Stanford alitoa jedwali la gharama za nishati kwenye teknolojia ya nanomita 45. Kuzidisha namba kamili mbili za biti 32: kama pikojuli 3.1. Kujumlisha: 0.1. Kusoma biti 64 kwenye kumbukumbu ndogo ya kilobaiti 8 iliyo ndani ya chipu: 10. Kusoma biti hizohizo kutoka DRAM iliyo nje ya chipu: 1,300 hadi 2,600!! Soma tena. Safari moja ya kwenda nje unaweza kuzidisha mara mia kadhaa ukabakiwa na chenji. Halafu mtihani unaniuliza kuzidisha tu, safari haziulizwi hata kwa alama mbili.

Kuna waliolielewa hili mapema. Bevan Baas, naye wa Stanford, alichapisha mwaka 1999 prosesa ya FFT ya pointi 1024 yenye transista 460,000. Ujanja wake mkubwa ulikuwa kupanga upya FFT ili data ikae muda mrefu kwenye kumbukumbu ndogo iliyo karibu na kipepeo, isiende kila mara kwenye kumbukumbu kubwa. Kwa volti 1.1 ilimaliza pointi 1024 kwa mikrosekunde 330 ikitumia miliwati 9.5. Zidisheni wenyewe: kama mikrojuli 3 kwa FFT nzima. Na hiyo ni teknolojia ya mikromita 0.7, ya kale hasa. Alishinda kwa kupunguza safari.

BITI, MTOTO WA KAMBO

Hapa na mimi naungama. Somo la DSP nilipata A. Jamaa aliponiuliza usiku mmoja, "nikiingiza biti 12, zitatoka ngapi?", nilikodoa macho kama kizidishi chake.

Jibu ni kwamba kila hatua inajumlisha namba mbili, kwa hiyo inaweza kuongeza biti moja. Pointi 64 ni hatua 6, pointi 1024 ni hatua 10. Biti 12 zinaweza kufika 22, na ule mzunguko unaweza kudai nyingine juu. Una njia tatu: upanue waya na kumbukumbu zote, au ugawe kwa mbili kila hatua na ukubali kelele kidogo, au uweke kipeo kimoja kwa kundi zima la namba na ugawe pale tu panapojaa. Kila biti unayoitupa inakugharimu kama desibeli 6 za ubora. Kila biti unayoibeba unailipia kwenye kila neno la kumbukumbu na kila kizidishi. Kwenye jedwali lilelile la Horowitz, kuzidisha kwa biti 8 ni pikojuli 0.2, kwa biti 32 ni 3.1. Mara kumi na tano! Kuzidisha ni mara moja pale na mara moja hapa, kwenye karatasi ya mtihani hizo mbili ni sawa.

KIZIDISHI NA KUZIDISHA NI VITU VIWILI

Wengine mtasema nachukia kuhesabu. Hapana. Nataka tuhesabu vilivyomo kwenye chipu. Chipu ya bodi zetu za maabara ni Cyclone IV EP4CE6, ndogo, ya bei poa. Ndani yake kuna vizidishi 15 vya biti 18. Tuseme unataka FFT ya 1024 isiyosimama, sampuli moja inaingia kila pigo na jibu moja linatoka kila pigo, kwa mtindo wa mstari wa kiwandani: kila hatua ina kipepeo chake na foleni yake.

Kwa radiksi-2 ya kawaida ya mtindo huo unahitaji vizidishi 8 vya namba changamano. Kimoja kinataka vizidishi 4 vya kawaida. Jumla 32. Haiingii. Tumia ule ujanja wa vizidishi 3 na kujumlisha zaidi, jumla 24. Bado. Mwaka 1996 Shousheng He na Mats Torkelson wa Lund, Uswidi, walipanga upya mizunguko ili ile rahisi ya kuzidisha kwa -j (ambayo ni kubadilishana viti na kugeuza alama, hakuna kuzidisha) iangukie kila hatua ya pili. Vipepeo ni vilevile vya radiksi-2, ila vizidishi changamano vinabaki 4. Nne mara 4 ni 16.... chipu ina 15, umekosa kwa kimoja! Nne mara 3 ni 12. IMEINGIA, na vitatu vimebaki. Foleni zote kwa pamoja ni maneno 1,023, na kwa biti 32 kila neno ni biti 32,736, wakati chipu ina kama 270,000. Huo ndio usanifu, wadau: chaguo moja lina nafasi, lingine halina, na unajua sababu kabla hujawasha kompyuta.

Na usanifu ni pamoja na kujua wakati wa KUTOunda mstari wa kiwandani. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde inachukua milisekunde 21 kujaza pointi 1024. Kipepeo kimoja kwa mapigo milioni 60 kinamaliza 5,120 zake kwa mikrosekunde 85. Anamaliza, halafu analala. Angeweza kuirudia mara 250. Ukimwekea sauti mstari mzima wa vipepeo 10 umekodi semi-trela kubeba vitumbua. Upande wa pili kuna king'amuzi cha antena cha DVB-T2, vile vilivyoingia majumbani tangu Tanzania ilipoanza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012. Kiwango hicho kinaruhusu FFT hadi pointi 32,768. Ukiiunda kwa mtindo wa He na Torkelson vizidishi changamano havifiki 10, ila foleni zinadai maneno 32,767. Hapo kumbukumbu ndiyo nyumba, vizidishi ni kitasa cha mlango.

"USIUNDE GURUDUMU UPYA"

Hoja hii naiheshimu, maana ina ukweli. Kazini, bosi anataka kitu kesho, utachukua kilichopo, na ni sawa. Lakini kiboksi hicho kilichopo, ukikifungua, kinauliza nini? Kinauliza mstari wa kiwandani au kipepeo kimoja? Radiksi ngapi? Biti ngapi? Ugawe kila hatua au usigawe? Majibu yatoke kwa mpangilio wa asili au uliopinduliwa biti? Ni maswali yaleyale ambayo roommate aliyajibu kwa mikono yake! Wale wa makofi niliwauliza nje ukumbini wamechagua nini pale kwenye biti. Wakasema wameacha kama ilivyokuwa. Sasa nani anajua gurudumu hapo?

Hata upande wa programu tupu hadithi ni ileile. FFTW ya wale jamaa wawili wa MIT, Frigo na Johnson, iliyoanza mwaka 1997, inaweza kujaribu mipango mbalimbali kwenye mashine yako na kuipima kwa saa, kisha inachukua iliyokimbia. Wangeamini kuhesabu kuzidisha, wasingehangaika kupima.

Na ile ya "sisi hatuna kiwanda cha chipu" tuiache kabisa. Hakuna aliyeomba kiwanda. Verilator ni ya bure, Yosys ni ya bure, GHDL ni ya bure. Kalamu ni shilingi mia kadhaa. Anwani za shufwa na witiri jamaa alizipata kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya matangazo ya graduation ya mtu. Tunachokosa siyo kiwanda. Tunakosa swali.

NAOMBA KUTOA HOJA

Walimu wetu nawaheshimu, na wapo wanaolijua hili kuliko mimi mara mia. Ombi langu ni dogo. Lile swali la 1024 libaki, ila liongezwe mistari miwili: "Una vizidishi 15, kumbukumbu ya milango miwili, na mikrosekunde kadhaa. Chora ulipoweka kila neno, na utetee idadi ya biti." Alama ziwe huko. Desa lote litakufa siku moja.

Na nyie wenzangu mnaoingia mwaka wa nne, mkiona mtu kaja mbele ya ukumbi na 192 zilezile, msicheke kabla hamjamuuliza data yake inalala wapi.

Roommate mwenyewe amekata rufaa ya alama, barua ameandika Ijumaa. Nimeisoma. Kurasa mbili, na ya pili yote ni mchoro wa kumbukumbu A na B. Nikamwambia mzee, weka maneno ya kuomba kidogo, mnyenyekee. Akasema mchoro unatosha.

Kesho nina pindi saa moja asubuhi, nalala. Mwenye ubishi anikute kimbweta cha chini ya mwembe, aje na kalamu.